Jinsi ya kupanga safari ya baiskeli ya kuelimisha vijiji kuhusu usonji

Anzeni na vijiji, barabara baadaye. Wengi wanaotaka kuendesha baiskeli kwa ajili ya usonji, hali ya ukuaji wa ubongo iitwayo autism kwa Kiingereza, hupanga kilomita kwanza: leo 100, kesho 120. Wenyeji huambulia nusu saa ya hotuba kutoka kwa watu waliochoka. Kwangu mimi kilomita 50 kwa siku zinatosha, na kwenye barabara ya vumbi punguzeni zaidi. Ondokeni alfajiri, mfike kabla jua halijawa kali, mchana wote uwe wa wenyeji.

Tarehe pia iwafuate wao. Aprili 2 ni siku ya usonji duniani, iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, na inavutia wafadhili. Lakini kama siku hiyo watu wako shambani wakipanda au kuvuna, mtahutubia viti vitupu. Ahirisheni.

Wiki kadhaa kabla, mmoja wenu atangulie bila mabango. Aonane na viongozi wa kijiji, mwalimu na mhudumu wa afya, na aulize hivi: mzazi akitusikia na kutambua dalili kwa mwanawe, aende wapi? Arudi na jina la kliniki, siku inayopokea watoto, na njia ya kufika. Kijiji kisicho na jibu nakitoa kwenye ratiba mpaka jibu lipatikane, kwa sababu kumtia mzazi wasiwasi kisha kumwacha hapo ni ukatili.

Baiskeli zenyewe hazina mengi: tyubu mbili za akiba kwa kila mtu, viraka, pampu, helmeti, taa. Gari la kusindikiza likae nyuma, na lisipige honi. Nasisitiza hili kwa uchungu. Binti yangu ana usonji, na honi ya pikipiki tu humfanya azibe masikio na kujikunyata chini. Mkiingia kijijini kwa ving'ora na spika, mnawafukuza watoto walewale mliowafuata. Ingieni polepole, na tengeni chumba au kivuli cha pembeni, kimya, ambapo mtoto aliyeelemewa anaweza kukaa na mama yake bila kutazamwa.

Kwenye mazungumzo, swali zito litakuwa: kosa ni la nani? Jibuni waziwazi, na baba wakiwepo. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, inayoanza mapema sana. Jeni zina mchango mkubwa, na malezi hayausababishi. Katikati ya karne iliyopita hata baadhi ya madaktari waliwalaumu akina mama kwamba hawana upendo, na walikosea. Mtu akiuliza kama chanjo husababisha usonji, mwelezeni kwamba utafiti wa mwaka 1998 uliozua hofu hiyo ulifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililouchapisha, Lancet, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote.

Kisha dalili, kwa lugha ya nyumbani. Mtoto wa mwaka mmoja hageuki akiitwa jina lake. Wa mwaka mmoja na nusu haonyeshi kitu kwa kidole ili mkitazame pamoja. Alikuwa na maneno, yamepotea. Dalili moja haithibitishi usonji, na ninyi si wapimaji. Kazi yenu ni kumwelekeza mzazi kliniki, ambako mtoto atapimwa masikio pia, maana asiyesikia naye hageuki akiitwa. Maneno yakipotea, asisubiri.

Mkiwa na mtu mzima mwenye usonji anayependa kusafiri nanyi, azungumze yeye kwanza, kwa sauti au kwa maandishi. Kijiji kinachomwona mtu huyo kinaacha kuuliza kama mtoto wao ana maisha mbele yake.

Msichapishe sura ya mtoto kuombea michango. Fedha za safari na fedha za michango zikae akaunti mbili, na mtangaze mapema kila mchango utafanya nini. Mimi huanza na nauli ya kliniki, kwani hapo ndipo familia nyingi hukwama. Mwezi mmoja baada ya safari mpigieni simu mhudumu wa afya wa kila kijiji: nani amefika, nani bado, na anahitaji nini ili afike.