Somo: Kupeleka maoni ya kijiji kuhusu umeme na nishati safi kabla uamuzi haujafungwa

Hakuna juma linalopita bila mtu kunisimamisha sokoni hapa Kasulu na kuniuliza kwa nini wananchi walisema mengi kuhusu mradi wa umeme lakini hayakufanyiwa kazi. Naandika mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Hatua ya 1. Tambueni uamuzi uko mezani kwa nani. Bei ya umeme iko EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ambayo huitisha taftishi, yaani uchunguzi wa hadhara, na kupokea maoni kabla ya kuidhinisha maombi ya kuibadili. Mradi mkubwa kama ule wa umeme wa maji wa Malagarasi, wa megawati 49.5, hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya usimamizi wa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Usambazaji vijijini ni wa REA, wakala wa nishati vijijini. Mita iliyoharibika si sera. Ipelekeni Tanesco wilayani.

Hatua ya 2. Ombeni nyaraka kwa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu.

Hatua ya 3. Mlete hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukaa kila miezi mitatu. Mkutano wa hadhara wa mwanasiasa hauhesabiki, hata ukijaa.

Hatua ya 4. Andikeni muhtasari. Hapa ndipo nilipoharibu mimi mwenyewe. Wapimaji wa laini walipofika kijijini kwetu, niliteuliwa kuandika kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Wakamuaji wa mawese walisimama mmoja baada ya mwingine wakieleza jinsi mashine zao zinavyokunywa dizeli, na wakaomba umeme wa njia tatu, ule wenye nguvu ya kuzungusha mashine kubwa, uvushwe hadi ng'ambo ya kijito, zilipo mashine sita. Mama mmoja alichora kijiji kizima vumbini kwa kijiti, akaweka kokwa la mchikichi kila penye mashine. Mimi nikaandika sentensi moja: "Wananchi wanaomba umeme wa uhakika." Niliiona ya kiungwana. Nguzo zilipokuja, zilifuata barabara na kubeba umeme wa njia moja, wa matumizi ya nyumbani. Taa zikawaka, na ng'ambo ya kijito mashine zikaendelea kunguruma kwa dizeli. Tulipokwenda kulalamika, ofisa alifungua faili, akatusomea sentensi yangu, kisha akauliza kwa upole kama umeme haujafika.

Kwa hiyo, angalieni: msigeuze neno la mwananchi kuwa lugha ya ofisi. Andikeni idadi, mahali na matumizi. Ramani ya vumbini ihamishiwe kwenye karatasi siku hiyohiyo. Mahudhurio yawe na saini, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, kwa kuwa anayejua kilichoachwa ni yule aliyekisema.

Hatua ya 5. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo.

MASWALI

Swali: Mkuu, nisaidie namba ya fundi wa Tanesco, nimelipia muda mrefu sijaunganishiwa.
Jibu: Soma Hatua ya 1, sentensi ya mwisho.

Swali: Haya yote ni kupoteza muda. Wakubwa wameshaamua, maoni ni ya kupigia picha tu.
Jibu: Ndugu, sijasema kila maoni hukubaliwa. Ibara ya 21 ya Katiba inampa raia haki ya kushiriki kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu, na mimi nimeeleza namna ya kuitumia. Kijiji chetu hakikupuuzwa na wakubwa. Kilipewa kile hasa nilichokiandika.

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Niko Urambo. Wakulima wa tumbaku tunakata miti mingi ya kukaushia kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia majani ya tumbaku kwa moto wa kuni, lakini tukitaja nishati safi tunajibiwa kuhusu mitungi ya gesi. Hoja yetu ina mlango?
Jibu: Marahaba, dada yangu, na asante kwa swali hili. Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi, unahusu kupikia, kwa hiyo ukiupelekea bani utarudishwa. Hoja ya bani iingizeni kwenye mpango na bajeti ya kijiji, ipande kwenye kamati ya maendeleo ya kata hadi halmashauri, na chama chenu cha msingi cha ushirika kiiandikie barua ya kuiunga mkono. Pimeni kuni za bani moja kwa msimu mzima, kwa rundo lenye urefu, upana na kimo kinachojulikana, na mwandike kuni hizo zinatoka umbali gani. Kuhusu jiko, msiombe mitungi tu. Ulizeni mtungi ukiisha utajazwa wapi na nauli ya kuufikisha huko ni kiasi gani.

Swali: Nyongeza ndogo: muhtasari upigwe picha kwa simu tatu tofauti. Wetu uliliwa na mchwa ofisini.
Jibu: Nakubali kabisa. Na uandikwe kwa kalamu, usiandikwe kwa penseli.

Swali: Zile mashine sita ziliishia wapi?
Jibu: Mbili zimehamishiwa barabarani kwa gharama ya wenyewe, na bado haziwezi kuzungushwa na umeme wa njia moja. Ombi la pili limekwenda na ramani, na yule mama ndiye aliyeichora.