Pigo likikupata: namna ya kuufundisha ubongo kusimama tena

"Samaki mkunje angali mbichi" ni methali nzuri kwa malezi, ila imewafanya watu wazima wengi waamini kwamba walivyo ndivyo watakavyokufa. Ubongo haukauki hivyo. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2000, watafiti wa London walipima ubongo wa madereva wa teksi, watu waliolazimika kukariri maelfu ya mitaa ya jiji lile. Walikuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayotunza kumbukumbu ya njia, ni kubwa kuliko ya watu wengine, na kadiri dereva alivyokaa miaka mingi kazini ndivyo ilivyozidi ukubwa. Hao walijifunza wakiwa watu wazima.

Ubongo hutengeneza njia kama miguu itengenezavyo kichochoro cha shambani: panapopitwa kila siku panakuwa peupe, pasipopitwa panaota nyasi. Anayelala akiwaza deni lile lile usiku kucha naye anakanyaga njia, tena njia mbaya. Kazi yako ni kukanyaga nyingine. Na tuseme wazi: kunyamaza na kufa kikondoo si ustahimilivu. Mtu mstahimilivu huumia kama wengine. Tofauti yake ni mambo madogo anayoyarudia.

Anza na mwili

Ndani ya kichwa, kila upande, kuna kidude chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Kikishtuka, moyo huenda mbio, homoni za msongo hupanda, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga na kupima mambo, huzidiwa. Ndiyo maana ushauri hata uwe mzuri vipi hauingii mtu akiwa amepaniki.

Kaa, weka mkono juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua kwa hesabu ya 4, itoe polepole kwa hesabu ya 6. Hizo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5 asubuhi na dakika 5 kabla ya kulala. Mkono wa tumboni ndio upande na kushuka. Kikipanda kifua, unavuta juu juu.

Wengi huharibu kwa kuvuta mapumzi makubwa kwa nguvu, kisha wanapata kizunguzungu na ganzi ya vidole, wakadhani wanazidiwa. Hiyo ni kwa sababu kaboni dayoksaidi imeshuka mno kwenye damu. Vuta pumzi ya kawaida tu; kinachorefushwa ni kutoa. Kosa lingine ni kusubiri shida ije ndipo ujaribu. Zoezi hili hujifunzwa siku za utulivu, ili siku ya mshituko mwili uwe unalijua tayari.

Taja unachohisi kwa jina lake

"Nina stresi" haitoshi. Je, ni aibu? Hofu? Majuto? Uchungu? Upweke? Andika sentensi moja: "Naona aibu kwa sababu mwenye nyumba alinidai mbele ya watoto." Vipimo vya picha za ubongo vimeonyesha kwamba kuipa hisia neno lake hupunguza mwitikio wa amigdala. Sentensi moja au mbili zatosha. Ukijaza kurasa nne kila usiku kuhusu kisa kile kile, umerudi kwenye kichochoro cha zamani.

Tatizo moja, hatua moja

Hapa ndipo penye nguvu zaidi. Zimbabwe wana neno la Kishona, *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani mjini Harare kukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsaidia kutatua shida yake hatua kwa hatua. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016, ya watu 573 katika zahanati 24, yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Unaweza kufuata mtindo huo kwa daftari. Orodhesha shida zote bila kuchuja, kisha chagua moja tu, isiwe kubwa kuliko zote. Iandike mpaka ishikike. "Nina madeni" haishikiki. "Nadaiwa kodi 300,000, mwisho tarehe 30" inashikika. Chora safu tatu: ninachoweza mwenyewe, kinachohitaji mtu mwingine, kisicho mikononi mwangu. Kutoka safu ya kwanza toa hatua moja yenye siku na saa: "Kesho saa 3 asubuhi nampigia mwenye nyumba, naomba kulipa 100,000 sasa na 50,000 kila nusu mwezi."

"Nipate kazi" si hatua, maana jibu liko kwa mwingine. "Nipeleke barua mbili Jumatano" ni hatua. Kisha mtafute mtu wa kumpa taarifa baada ya siku 7, awe dada, jirani au mwenzako wa kikoba. Mwambie mapema: "Sitaki ushauri, nisikilize dakika 10." Hatua ikishindikana, ipunguze, usiitupe.

Miguu na usingizi

Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2011, wazee waliotembea dakika 40, siku 3 kwa wiki, kwa mwaka mzima, hipokampasi zao zilikua kwa takriban asilimia 2, huku za waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu zikipungua. Anza na dakika 10, ongeza 5 kila wiki. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako.

Usingizi: amka saa ile ile kila siku, simu ilale chumba kingine.

Muda gani?

Ile habari kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21 iache. Watafiti wa London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya: wastani ulikuwa siku 66, wa haraka 18, na kwa waliochelewa zaidi makadirio yalifika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Funga zoezi kwenye jambo unalolifanya tayari, kama vile baada ya swala ya alfajiri au baada ya kupiga mswaki.

Pale ambapo haya hayatoshi

Kama pigo bado linaendelea, mfano unapigwa nyumbani, usijifunze kulizoea. Usalama kwanza: kwa Tanzania, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Huzuni nzito, kukosa hamu ya kila kitu au kutolala kukizidi wiki 2, nenda hospitali na uulize huduma ya afya ya akili. Na mtu akitamka kutaka kujiua, mpelekeni siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake hata dakika, na dawa za wadudu na vidonge viondolewe nyumbani kabla hajarudi.