Kuhifadhi Qur'ani ukubwani: hesabu vikao, si kurasa

Karibu kila mwanamke anayekuja kwangu kuanza kuhifadhi ukubwani huuliza kwanza, "Mwalimu, nitamaliza lini?" Swali hilo siliendekezi, maana limewakatisha tamaa wengi wenye uwezo. Nataka kujua utaketi wapi, na saa ngapi.

Chagua wakati usiogombewa na watoto wala jiko. Baada ya Alfajiri hapana mfano wake. Kisha shika msahafu mmoja, usiubadilishe. Ule wa chapa ya Madina una kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa, na jicho huzoea mahali aya ilipo. Ukishika chapa nyingine, jicho linapotea.

Chukua mistari 3. Msikilize Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, asomaye taratibu kila herufi ikasikika, halafu soma ukitazama mpaka ulimi ulainike, ndipo ufunge msahafu. Anza na Juzuu Amma, juzuu ya mwisho, kutoka sura ya An-Nas ukirudi nyuma. Kwa mwendo huo ukurasa ni siku 5, na msahafu mzima zaidi ya miaka 8. Qur'ani yenyewe iliteremka kwa takriban miaka 23, na Al-Furqan aya ya 32 inasema ni ili moyo wa Mtume uthibitike. Haraka ya nini, dada yangu?

Weka daftari. Andika tarehe, na ukiketi tia alama, basi. Usiandike umehifadhi kiasi gani. Siku aya ikikataa kuingia, alama ni ileile. Hapa wengi hunibishia, nami sirudi nyuma: Bi Aisha amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba anayeisoma kwa kubabaika, nayo ni nzito kwake, ana ujira mara mbili. Aliyebabaika asubuhi nzima hakupoteza asubuhi yake.

Na utababaika. Ukifika At-Takwir, kwenye "alimat nafsun mā ahdarat", ulimi utakuvutia "mā qaddamat wa akhkharat" ya Al-Infitar. Ziandike aya hizo mbili pamoja, uzisome zikiwa zimekabiliana.

Kila kikao kianze na ya zamani: somo la jana, sura moja ya nyuma, ndipo jipya. Mtume ametuambia Qur'ani huponyoka upesi kuliko ngamia kwenye kamba zake. Muda ukiwa mdogo, acha jipya, usiache murajaa, yaani kurudia ya zamani. Ulichohifadhi kisome pia katika sala zako za sunna.

Siku za hedhi, wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu kusoma, fuata ulivyofundishwa. Lakini keti saa yako, washa kisomo kwenye simu, sikiliza, tia alama.

Ukiugua au ukifiwa, siku zikakatika, usijaribu kulipa mistari iliyopita. Fanya murajaa siku mbili tatu, kisha endelea na mistari 3, saa ileile.