Kroshia kwa Anayeanza: Fuma Mraba Kwanza, Sweta Itasubiri

Usianze na uzi mweusi. Najua unapendeza na hauonyeshi uchafu, lakini siku za mwanzo kroshia ni kazi ya macho kuliko ya vidole, na kwenye uzi mweusi hata mimi niliyezoea hutafuta tundu kwa kupapasa. Chukua rangi nyepesi iliyotulia, krimu au samawati hafifu, uzi wa unene wa kati uliosokotwa vizuri. Zile nyuzi zenye manyoya marefu ziache dukani. Zinavutia mkononi, ila mishono yake haionekani, na siku ya kufumua zinang'ang'aniana mpaka unatamani mkasi.

Soma lebo kabla ya kulipa. Kampuni nyingi huonyesha unene kwa namba kuanzia 0 hadi 7, na wewe unataka 4. Pembeni utaona ukubwa wa sindano unaopendekezwa kwa milimita, na mahali fulani kuna namba ya kundi la rangi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja kwenye pipa moja. Ukinunua mabonge mawili, namba hiyo ifanane. Rangi zinazolingana kabisa chini ya taa ya duka huja kuachana juani, tena katikati ya kazi.

Uzi wa akriliki unatosha kujifunzia. Unanyumbuka kidogo, unavumilia kufumuliwa mara nyingi, unafulika kirahisi. Kosa lake ni moja: haupatani na pasi ya moto, unalegea na kupoteza umbo moja kwa moja. Pamba ni nzuri kwa vitambaa vya jikoni, ila hainyumbuki, kwa hiyo inachosha mkono mgeni. Sufu ni tamu kufuma, lakini ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua inasinyaa na kugandamana.

Sindano ya kroshia iwe ya milimita 5 au 5.5. Mimi napendelea ya alumini kuliko ya plastiki kwa sababu uzi unateleza bila kukwaruzana. Ongeza mkasi mdogo na sindano nene ya kushonea yenye ncha butu. Hivyo vinatosha. Usikubali kuuziwa seti yenye sindano za kila ukubwa. Nyingi zitalala kwenye mkoba.

Wengi huuliza kama waanze na kroshia au kufuma kwa sindano mbili. Kwa sindano mbili, vitanzi vya safu nzima vinabaki wazi kwenye sindano, na kimoja kikichomoka kinaweza kushuka safu baada ya safu. Kwenye kroshia kwa kawaida kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Sindano ikichomoka unairudisha, maisha yanaendelea. Sindano mbili hutoa kitambaa chembamba kinacholala vizuri mwilini, ndiyo maana sweta nyingi hufumwa hivyo. Lakini kwa mtu anayetaka kuona kitu kimekamilika mapema, jibu langu ni kroshia.

Sasa mikono. Kama unatumia mkono wa kulia, sindano ikae kulia, uishike kama kalamu au kama kisu cha mezani, vyovyote mkono unavyopenda. Mkono wa kushoto ndio wenye kazi ngumu: unapitisha uzi kwenye kidole kidogo, unaupandisha juu ya kidole cha shahada, halafu kidole gumba na cha kati vinashika kazi yenyewe. Kidole cha shahada ndicho kinachoamua uzi ukaze au ulegee. Anayetumia kushoto ageuze kila kitu, na akitazama picha za maelekezo aziweke mbele ya kioo.

Anza na kitanzi cha kuanzia. Acha mkia wa uzi wa sentimita 15, tengeneza duara, chukua uzi unaotoka kwenye bonge uupitishe ndani ya duara kama kitanzi, kiingize sindanoni na ukaze taratibu. Kisha mnyororo: uzi upite juu ya sindano kutoka nyuma kuja mbele, uunase kwa ndoano, yaani ile ncha ya sindano iliyopinda, uuvute upite ndani ya kitanzi. Huo ni mshono mmoja wa mnyororo. Rudia.

Hapa watu wengi hukaza kupita kiasi, na sababu ni kwamba vitanzi vyao vinakaa kwenye shingo nyembamba karibu na ndoano. Kinachopima ukubwa wa mshono ni mwili wa sindano, si ile shingo. Kila ukivuta kitanzi, kisukume kifike kwenye mwili mnene. Ukiona mnyororo bado unabana, ufume kwa sindano ya milimita 6, halafu urudi kwenye 5.

Fuma minyororo 16. Uitazame: upande wa mbele unaonyesha herufi V zilizopangana, upande wa nyuma una vinundu. Hesabu hizo V, ukiacha kile kitanzi kilicho sindanoni na fundo la mwanzo. Usipite hapa mpaka hesabu yako itoke ileile mara mbili mfululizo.

Safu ya kwanza ni ya mshono mfupi. Ruka mnyororo ulio karibu kabisa na sindano, ingiza ndoano kwenye wa pili. Nasa uzi, uvute utoke. Sasa una vitanzi viwili. Nasa uzi tena, uvute upite vyote viwili kwa pamoja. Mshono umekamilika. Endelea mpaka mwisho na uhesabu: lazima iwe 15. Fuma mnyororo mmoja wa kupandia, geuza kazi, na mshono wa kwanza wa safu mpya uingie kwenye mshono wa kwanza kabisa, ndoano ikipita chini ya nyuzi zote mbili za ile V. Safu ya kwanza itakusumbua kwa sababu hakuna pa kushika. Ya tatu utaanza kupumua.

Fuma hivyo mpaka upate mraba, mpana kidogo kuliko kiganja. Hauna matumizi makubwa. Kazi yake ni kukuonyesha kingo zako. Kama umbo linapungua kwenda juu, unaacha mshono wa mwisho wa safu, ule unaojikunja na kujificha pembeni. Kama linapanuka, unafuma juu ya ule mnyororo wa kupandia ukidhani ni mshono, au unaingia mara mbili tundu moja. Tiba ni kipande cha uzi wa rangi nyingine: kila unapofuma mshono wa kwanza wa safu, kipitishe humo. Ukirudi upande huo utaona safu inapoishia, huna haja ya kubahatisha. Na hesabu kila safu, hata kama inachosha. Ikitoka 14, fumua mpaka kwenye alama. Kufumua ni kuvuta uzi tu, wala uzi hauna kinyongo.

Mshono mrefu unafuata. Zungusha uzi sindanoni kwanza, ndipo uingize, unase, uvute: vitanzi vitatu. Nasa, pita viwili. Nasa, pita viwili vilivyobaki. Kabla ya kugeuza unafuma minyororo mitatu badala ya mmoja, na hiyo mitatu kwa kawaida huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Kwa hiyo mshono ulio chini yake kabisa unarukwa, na mwisho wa safu unafuma juu ya minyororo mitatu ya safu iliyopita. Kitambaa kinakua haraka na kinakuwa na uwazi.

Ukianza kufuata maelekezo yaliyoandikwa, tazama kwanza kama ni ya Kimarekani au ya Uingereza. Mshono mfupi wenyewe huandikwa "sc" (single crochet) na Wamarekani, na "dc" (double crochet) na Waingereza. Balaa ni kwamba Wamarekani nao wanayo "dc", ila kwao ni mshono mrefu. Ukiona "sc" popote kwenye ukurasa, ni ya Kimarekani. Usipoangalia, kofia inaweza kutoka mara mbili ya kimo chake.

Kumaliza kazi: kata uzi ukiacha sentimita 15, uvute utoke wote kwenye kitanzi cha mwisho, ukaze. Mkia usiuache na fundo peke yake, utafunguka kwenye kufua. Utie kwenye sindano butu, uupitishe ndani ya mishono kuelekea upande mmoja, kisha urudi upande wa pili kwa njia tofauti, ndipo ukate.

Kifundo cha mkono kikiuma, acha. Mara nyingi ni kukaza uzi, au sindano kushikwa kwa nguvu isiyohitajika.

Baada ya mraba, fuma skafu ya mishono mirefu, maana ni mraba uleule usiojua kusimama. Kisha kofia, upate kujifunza kufuma kwa mzunguko. Wanasesere wote wanawataka mapema, lakini wanahitaji mishono iliyobana sawasawa ili pamba ya ndani isichungulie, wasubiri. Sweta iwe ya mwisho, na kabla yake fuma sampuli inayozidi kidogo sentimita 10 kwa 10, uifue, uikaushe ikiwa imelazwa, ndipo uhesabu mishono na safu zilizomo ndani ya sentimita 10 na kulinganisha na maelekezo. Zikizidi, panda kwenye sindano nene zaidi, zikipungua, shuka.