Miwani ya kazi kwenye baridi ya Winnipeg: anza na pumzi yako

Baridi yangu ya kwanza hapa Winnipeg niliingia saiti na miwani myeusi ya fremu ya chuma, maridadi kabisa, ya mtu anayekwenda kupunga upepo Raskazone, ufukweni Tanga. Kufika saa ya chai, chuma kilikuwa kimenichoma kwa ubaridi nyuma ya masikio na lenzi zimejaa ukungu. Nikaipandisha juu ya helmeti nione ninachokata. Hapo hapo kibanzi cha mbao kikaniingia jicho la kushoto. Daktari alikitoa na jicho likapona, lakini wiki nzima nilitembea nikilia kama aliyemenya gunia la vitunguu.

Kwa hiyo mpwa wangu alipopata kazi ya kujenga nyumba za mbao, nilikwenda naye dukani mwenyewe.

Suala la ugumu halichukui muda. Geuza miwani utafute maandishi madogo kwenye fremu na kwenye lenzi. Kwa Kanada alama ya kiwango cha usalama ni CSA Z94.3. Ya Marekani huandikwa Z87, na ukiona alama ya kujumlisha, Z87+, jua imepimwa kwa vitu vinavyoruka kwa kasi. Isiyo na alama irudishe rafuni, hata muuzaji aisifie vipi. Lenzi iwe ya polikaboneti, ile plastiki ngumu, fremu ya plastiki au nailoni, na pembeni pawe pamezibwa.

Kazi iko kwenye ukungu. Pumzi yako ni ya moto na ina unyevu. Lenzi iko kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Mvuke ukiigusa unageuka matone, kama kifuniko cha sufuria ya ubwabwa, na baada ya dakika chache matone yanaganda. Sasa una barafu upande wa ndani, na ukiikwangua kwa ukucha unaharibu lenzi.

Tafuta basi lenzi iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu kiwandani. Kwenye miwani ya Marekani inayofuata kiwango cha 2020, herufi X inaonyesha imefaulu jaribio la ukungu. Kwenye ya Ulaya ni herufi N. Dawa ile haipendi kusuguliwa. Mpwa wangu alifuta yake kwa glovu kavu yenye vumbi la mbao, na kabla mwezi haujaisha ilikuwa imekwisha kazi. Suuza kwa maji ya vuguvugu, kausha kwa kitambaa laini.

Lakini dawa peke yake haitakuokoa na mzula wako, ile kofia ya kufunika uso. Ukijifunika mdomo na pua, pumzi inakosa njia, inapanda pembeni mwa pua moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Ndiyo maana miwani ya baridi hainunuliwi kichwa wazi. Nenda dukani na mzula wako na helmeti yako, vaa vyote, kisha toka mlangoni (mwombe muuzaji kwanza, asije akadhani unakimbia) upumue kwa nguvu kama uliyebeba mbao. Ukingo wa mzula ubane vizuri puani. Ukishindwa, tafuta mzula wenye tundu la mdomo. Mikono ya miwani nayo iwe myembamba, bapa, ipite chini ya mzula bila kuacha upenyo wa upepo pembeni mwa uso.

Ipo miwani yenye sponji kuzunguka lenzi. Juu ya paa, upepo ukirusha theluji na unga wa mbao, sivai nyingine. Ila sponji inafungia jasho ndani, kwa hiyo chagua yenye matundu ya hewa, na ukishuka kufanya kazi ndani kwenye hita, badilisha.

Rangi ya lenzi inategemea saa. Mwezi wa kumi na mbili jua hapa linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na nusu jioni, na sisi tunaanza kazi saa moja. Ukiwa na miwani myeusi tu, unafanya kazi gizani ndani ya giza. Nunua nyeupe kwanza, yaani isiyo na rangi. Polikaboneti, hata isiyo na rangi, huzuia karibu miale yote ya urujuanimno, ile ya jua inayodhuru macho, na theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo kutoka chini. Nyeusi ni ya mchana wa jua kali, mng'ao usikuumize. Zile za polaroidi mimi sizipendi saiti: zinaua mng'ao wa barafu ardhini, na mng'ao ule ndio unaonionya nisiteleze.

Kama unavaa miwani ya macho, usiridhike kuvalia nyingine juu yake kwa muda mrefu. Hapo una lenzi nne za kufanya ukungu badala ya mbili. Agiza ya usalama yenye namba zako, na uliza kwanza kama mwajiri anachangia.

Mwisho, nunua jozi mbili. Ukitoka kwenye baridi na kuingia penye joto, iliyo usoni itapata ukungu tu, hakuna namna. Ya pili inakaa mfuko wa ndani wa koti, karibu na kifua, ndani ya soksi safi. Mpwa wangu aliicheka sana ile soksi. Juzi nimemwona na yake, ya rangi ya chungwa.