Jinsi ya kuchora bakteria Listeria anavyohama seli hadi seli bila kunaswa na kinga

Wadogo zangu wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) mliopo Mwanza, na nyie mnaosoma uuguzi pale Bugando, hii mada inawatesa bure. Mtu anakariri majina yote ya protini, afu ukimwambia achore anamtoa bakteria nje ya seli, anamwogeleza kwenye majimaji, ndo anamwingiza kwa jirani. Hapo umekosa kila kitu, maana ujanja wake wote ni kwamba hatoki nje.

Chukua kaunta buku, peni ya bluu, nyekundu na penseli. Chora seli mbili kubwa zimegusana, ya kwanza utando wake bluu, ya pili nyekundu. Bakteria ni penseli. Usibadilishe rangi njiani hata kidogo.

Listeria monocytogenes anaingia kwa protini inaitwa intenalini A, inashika E-kadherini, protini iliyo juu ya seli za utumbo, seli inammeza. Mzungushie duara la bluu, moja tu, hiyo ndo vakuoli, kifuko alichomezewa. Humo ndani asidi inapanda na yeye anatoa sumu ya listeriolisini O inayotoboa utando. Sasa sikia hii: sumu hiyo inafanya kazi vizuri kwenye asidi, akishatokea kwenye saitoplazimu, ute wa ndani ya seli, ambako asidi hakuna nguvu yake inashuka, kwa hiyo seli yenyewe haipasuki. Ingepasuka mapema bakteria angemwagika nje akutane na kingamwili na neutrofili, zile seli nyeupe zinazomeza vijidudu. Iandike pembeni ya mchoro.

Futa duara, yuko huru. Weka nukta za ActA, protini ya juu ya mwili wa bakteria, kwenye ncha moja zaidi, usimjaze mwili mzima, vinginevyo hatakuwa na upande wa kwenda. ActA inaita Arp2/3, kundi la protini ambalo ni mali ya seli na huanzisha nyuzi, na nyuzi za protini ya aktini zinajengwa nyuma yake mpaka unaonekana mkia. Wengi wanadhani mkia unachezacheza. Hapana, umetulia palepale, nyuzi mpya zinaongezwa pale zinapomgusa bakteria na ndo zinamsukuma, kama mvuvi anavyosukuma mtumbwi kwa upondo kule Mwaloni ziwani, mti umekita chini chombo ndo kinasogea. Chora mkia mrefu, uliopinda. Na hilo vazi la aktini linamsaidia asikamatwe na autofajia, ule mfumo wa seli wa kula uchafu wake.

Akifika kwenye utando anausukuma unabenuka kuingia kwa jirani, utando wa jirani nao unabonyea, afu jirani anaimeza ile ncha yote. Simama hapo uhesabu. Ndani bluu, nje nyekundu, tando mbili. Ukiona nyekundu peke yake umekosea, rudia. Listeriolisini na fosfolipasi, vimeng'enya vyake vya kuvunja mafuta ya utando, zinazitoboa zote mbili, anatoka, mchezo unaanza upya kwenye seli nyekundu, na muda wote huo kingamwili zilizo kwenye damu hazijamgusa.

Ila msimfanye haonekani kabisa! Seli inaweka vipande vya protini za bakteria juu ya utando kwenye MHC daraja la 1, protini ya kuonyeshea vipande, na seli T za CD8, askari wa kinga, zinavisoma zinaua seli nzima. Chora kipande kimoja kimechomoza nje. Kumdhibiti kunategemea sana seli T hizo, ndo maana wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wanaumia zaidi. Ule mlipuko wa Listeria wa Afrika Kusini wa 2017 hadi 2018 uliotokana na poloni, aina ya soseji nene, uliua zaidi ya watu 200 na sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa vichanga.

Sehemu ya mkia na kuhamia kwa jirani inafaa pia kwa Shigella, bakteria wa kuhara damu, badilisha ActA uweke IcsA, yeye anapitia N-WASP, protini nyingine ya seli, kwanza ndo aipate Arp2/3. Ila intenalini na listeriolisini si zake, ziondoe. Kwa TB usiutumie, yule kawaida anakaa ndani ya vakuoli ya makrofaji, seli ya kinga inayomeza vijidudu, na kuizuia isiungane na laisosomu, kifuko cha kumeng'enya, anzeni ukurasa mwingine.