Somo: Kuwapa watafiti wa nje data za kifafa (someni kabla ya kuniuliza)

Wiki hii watu wanne wameniuliza jambo hili hili, mmoja wao kwenye foleni ya feri Likoni. Naandika mara moja tu.

1. Rudi kwenye fomu ya ridhaa. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti, na kuzitoa nje ya Kenya kwataka ridhaa ya mwenyewe. Kama hakukubali, huna cha kutuma.

2. Kibali cha kamati ya maadili, kisha mkataba. Itie saini taasisi, si wewe.

3. Ondoa majina, simu na vitambulisho. Kila mgonjwa apewe namba. Daftari la kuunganisha namba na jina lisitoke ofisini.

4. Faili za EEG (rekodi za mawimbi ya umeme wa ubongo). Hapa ndipo nilipoumbuka. Jedwali nililisafisha likang'ara, faili zote nikazipa majina mapya, nikatuma. Kesho yake mwenzetu wa Uingereza akaniuliza: mbona namuona mgonjwa kwa jina lake kamili? Ikabidi tumwombe azifute, kisha tukajieleze mbele ya kamati.

Faili ya EDF, muundo ambao EEG huhifadhiwa, ina kichwa chake ndani. Baiti 8 za mwanzo ni za toleo, 80 zinazofuata ni za mgonjwa, na 80 nyingine ni za rekodi yenyewe. Kubadilisha jina la faili hakugusi hata moja kati ya hizo. Andika juu yake, USIKATE: zikipungua 80, faili haisomeki. Kwa EDF+ (toleo lililopanuliwa la EDF), sehemu ya mgonjwa weka X nne zilizoachana, nafasi zilizobaki ziwe tupu. Kisha pitia maelezo ya fundi katikati ya mawimbi. Wetu alikuwa akiita watu majina humo. Video zina nyuso, ziache.

5. Tarehe zote za mgonjwa mmoja zisogeze kwa idadi moja ya siku. Saa usiziguse: kuanguka mchana na kushikwa usingizini ni mambo mawili.

6. Funga kwa nenosiri. Nenosiri lipite kwa simu, si barua pepe ile ile.

MASWALI

Kipwani: Sheikh, si nitume tu WhatsApp? Majina nimeshatoa.
– Namba 4. Kisha 6.

Kipwani: Nimesoma! Zangu ni PDF.
– Fungua ukurasa wa kwanza, tazama kona ya juu.

Mwanafunzi wa Tudor: Mtaa nao tuutoe? Wanataka kujua mgonjwa yuko mbali kiasi gani na kliniki.
– Umeuliza la maana, dada. "Mvuvi, miaka 61, Mtongwe, aliungua mkono alipoangukia jiko": hapo jina la nini tena? Mtongwe nzima yamjua. Andika Likoni, eneo kubwa ambalo Mtongwe imo, umri kwa makundi ya miaka mitano, kazi itoe kama hawaihitaji. Badala ya mtaa, wape dakika za safari mpaka kliniki. Hizo ndizo wanazozitaka hasa.

Bi Madawati: Nyongeza, kaka: degedege. Sisi ilitafsiriwa kifafa safu nzima.
– Ahsante Bi, hilo nililisahau. Mama akisema degedege, mara nyingi ni mtoto aliyetetemeka kwa homa. Kifafa hurudi hata bila homa. Neno la mama liachiwe safu yake, uamuzi wa daktari safu nyingine, na kamusi ya safu ifuatane na faili. Na tarehe ziandikwe 2024-04-03, la sivyo Excel ya mwenzako itageuza Aprili kuwa Machi.

Kipwani: Nimefungua ile PDF. Jina la mgonjwa lipo, la babake lipo, na langu.
– Karibu chamani.